Anapoweza Kuwa, Anapopaswa Kuwa

3 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. Imeanza saa tisa alasiri, imeacha saa kumi na moja.

Naomie amekuja na daftari jipya la kurasa mia mbili na kalamu mbili. Ni mke wa Samy, mwanangu wa mwisho. Amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, mimi kwenye kiti changu. Kwetu mke wa mwana hakai meza moja na baba mkwe, wala hamtazami usoni anapozungumza naye; humwita Tata, yaani baba.

"Tata, nataka kujua Kingereza."

"Ya kufanya nini?"

"Ya kusoma."

"Kusoma nini?"

"Karatasi."

Nimemweleza kwamba nilifundisha lugha hiyo miaka thelathini na minane katika shule za sekondari, na kwamba hata wanafunzi wangu bora walihitaji miaka sita. Amesema hahitaji Kiingereza chote. Anataka kile cha karatasi tu.

Florentine, mke wangu, amesema kutoka jikoni: "Umufundishe, René. Ukikosa mwanafunzi utaanza kunifundisha mi, na mi sitaki."

Tutaanza keshokutwa.

5 Novemba

Somo la kwanza. Kitenzi cha kuwa. Mvua.

8 Novemba

Niandike mambo yalivyo, kwa mpangilio, kama nilivyowadai wanafunzi wangu.

Tarehe 19 Septemba kilima kimoja nyuma ya Kasulo, mtaa wa hapa Kolwezi, kiliteremka na mashimo ya wachimbaji yakafunikwa. Watu tisa walitolewa. Wengine hawajatolewa. Samy alikuwa na shimo lake, wanaliita la kumi na nne, alilochimba pamoja na rafiki yake Glodi. Mmoja hushuka, mwingine hushika kamba juu. Siku ile Glodi alikwenda kununua mikate kabla mwenzake hajashuka. Aliporudi hapakuwa na shimo. Palikuwa na babouches za Samy, ndara zake za plastiki za bluu, zimepangwa vizuri kwenye udongo. Hushuka miguu mitupu, wote.

Mwezi wa Oktoba walikuja wachunguzi, waliotumwa na wanunuzi wa madini walio ng'ambo. Karatasi zao zote ni za Kiingereza. Wanakusanya maelezo ya familia, kisha wanatengeneza orodha ya mashimo yenye watu ndani. Mwezi wa Mei ardhi ikikauka, mashimo ya kwenye orodha yatafunguliwa na watu watatolewa. Baada ya hapo kilima chote kitajazwa udongo na kuzungushiwa ukuta. Shimo lisilo kwenye orodha litajazwa kama lilivyo.

Walitafuta mtu wa kutafsiri, wakaelekezwa kwangu. Nilitafsiri maelezo manane kutoka Kiswahili chetu cha hapa. Ya Naomie yalikuwa ya sita. Nilifanya kazi safi.

Matanga hatujafanya. Hakuna maiti. Florentine ameziweka ndara zile mlangoni, vidole vikielekea ndani, kama za mtu aliyeingia.

14 Novemba

Mvua siku nzima. Nimekula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Sijui kama kulikuwa na chumvi.

21 Novemba

Vitenzi visaidizi. Nimemweleza Naomie kwamba Kiingereza kina vitenzi vifupi visivyoweza kufanya kazi peke yao. Vinasimama mbele ya kitenzi kingine na kuonyesha msemaji ana uhakika kiasi gani. "Might" ni ya mtu asemaye labda. "Must" ina kazi mbili. Ya kwanza ni wajibu: unapaswa kulipa, unapaswa kuondoka. Ya pili ni ya mtu ambaye hakuona kwa macho yake, lakini dalili zote zinaelekea upande mmoja. Nikampa mfano. Ukisikia sufuria zinagongana jikoni, unasema mama "must be" jikoni. Hukumwona, lakini huna shaka.

"Ile njo kupashwa yetu, Tata," alisema, yaani ndiyo kupaswa kwetu. "Unapashwa kulipa. Na tena: mama anapashwa kuwa ku jiko. Neno moja, kazi mbili."

Ni kweli kabisa. Miaka thelathini na minane nimechora mishale ubaoni kuwaeleza watoto wa Kolwezi jambo walilokuwa nalo tayari kinywani.

"Na kama mutu ameacha babouches yake inje?" aliuliza.

Nimemwambia muda umekwisha.

29 Novemba

Uyoga umeanza kuuzwa kando ya barabara. Florentine amenunua rundo moja, bowa kubwa zenye udongo. Mwaka jana Samy ndiye aliyezileta.

6 Desemba

Glodi amekuja, amesimama uani kwenye manyunyu. Hakutaka kuingia, kwa sababu ya ndara nadhani. Ni kijana mrefu mwenye mzaha, lakini sasa mzaha wake umekuwa kama redio yenye betri mbovu.

"Tata Mwalimu, banasema balimuona Samy ku Kasaji. Na kinga. Eko anauzisha muhogo." Kinga ndiyo baiskeli.

"Nani alimwona?"

"Batu."

"Watu gani?"

"Tata, batu ni batu. Mi mwenyewe sikuamini. Samy hata kinga ya kukopa alikuwa anaanguka nayo mu fosi ya maji."

Florentine alitoka na sahani ya mikate, akampa, akarudi ndani. Glodi alitazama mikate ile muda mrefu. Hakuila. Aliifunga kwenye kitambaa na kuondoka.

10 Desemba

Nimemwambia Florentine nakwenda Kasaji kumsalimia mwanafunzi wangu wa zamani aliye mwalimu mkuu kule. Ni kweli yuko mmoja.

13 Desemba

Nimerudi. Safari ya kwenda ilichukua siku moja na nusu kwenye lori, kwa sababu ya matope. Kasaji ni stesheni, soko dogo, baiskeli na pikipiki. Yuko muuza muhogo mwenye baiskeli, na jina lake ni Samy. Ana miaka hamsini hivi na jino la dhahabu. Aliniuzia muhogo. Nilimweleza kwamba namtafuta mtu mwingine mwenye jina kama lake, akaniuliza yule mwingine yuko namna gani. Nilifungua kinywa nimweleze, nikaona ninasema urefu wake tu, mita moja na sabini na nne, kama mtu anayejaza fomu.

Florentine ameuona muhogo. "Mwalimu mukuu njo amekupa?"

"Ndiyo."

Ameumenya na kuupika.

25 Desemba

Misa. Mvua juu ya mabati, padri hakusikika. Ndara bado mlangoni.

10 Januari

Leo vishazi vinavyoanza na maneno ya kuulizia: where, what, who, why. Kosa la kila mwanafunzi ni kubakiza mpangilio wa swali: "I don't know where is he." Nimemweleza Naomie kwamba swali likisimama peke yake, kitenzi hutangulia mtu. Likiingizwa ndani ya sentensi nyingine, mtu hutangulia kitenzi, na alama ya kuuliza huondoka. "I don't know where he is."

"Alama inaondoka juu ya nini?"

"Kwa sababu si swali tena."

"Lakini mutu angali hajue."

"Angali hajui. Ila haulizi tena."

Aliandika jambo hilo kwenye daftari lake, akapiga mstari chini yake kwa rula. Anaandika vizuri. Mwanzoni nilidhani amekuja ili asikae peke yake na watoto wakati wa mvua. Sasa naona anasoma kama mtu aliyepewa tarehe.

Nimemfundisha pia Kiswahili chake mwenyewe. Hapa kwetu tunasema "wapi" tukiuliza na "kwenye" tusipouliza: eko wapi, lakini mi najua kwenye eko. Kiingereza hutumia neno moja kwa yote mawili. "Basi Bangereza banachanganya," alisema. "Beko na neno moja ya mutu mwenye kutafuta na mutu mwenye kuona." Nimecheka. Nimeandika hapa kwamba nimecheka, kwa kuwa sikumbuki mara ya mwisho.

23 Januari

Orodha imetoka. Wameibandika mbele ya ofisi waliyopanga hapa Manika, chini ya plastiki. Mashimo sita. La kumi na nne halimo. Mwisho wa masahihisho ni tarehe 31 Machi.

Kila familia imepewa bahasha yenye nakala ya maelezo yake ya Kiingereza. Naomie ameweka yake ndani ya daftari bila kuifungua mbele yetu. Florentine amekaa kitandani na viatu vya kutokea.

24 Januari

Mvua.

25 Januari

Mvua.

4 Februari

Naomie alikuwa na swali moja tu. Kuna tofauti gani kati ya "where he could have gone" na "where he may have gone"?

Nilieleza. La pili lina maana kwamba mtu amekwenda mahali, msemaji hajui ni mahali gani tu. La kwanza linategemea sauti ya msemaji. Mtu anayebishana akisema hajui mwenziwe angeweza kwenda wapi, ana maana kwamba hakuna mahali pa kwenda. Ni kama sisi tukisema: angeenda wapi? Hatuulizi.

"Kwa hiyo moja inafungua mulango, ingine inafunga."

"Unaweza kusema hivyo."

"Aksanti, Tata."

Alifunga daftari nusu saa kabla ya wakati. Nilieleza vizuri.

14 Februari

Amekuja asubuhi, mvua ikiwa bado inanyesha, bila watoto. Aliacha viatu vyake mlangoni, mbali kidogo na zile ndara. Akakaa kwenye mkeka. Florentine alikuwa jikoni anachambua mboga, mlango ukiwa wazi.

"Tata, niko na swali ya grammaire."

"Uliza."

"Mutu akisema 'anapashwa kuwa', mu Kingereza banaandika nini?"

"Must be."

"Na 'might be' njo nini?"

"Labda yuko."

"Sasa, kama mutu alisema 'anapashwa', na mwenye kuandika akaandika 'labda', ile njo faute ya nini? Ya orthographe?"

"Hapana."

"Ya conjugaison?"

"Hapana."

"Ya vocabulaire?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi iko na jina gani, Tata?"

Makosa yote nimeyapa majina maisha yangu yote, kwa kalamu nyekundu, pembeni ya ukurasa. Hili sikuwa na jina lake.

Alitoa karatasi kwenye bahasha na kusoma. Matamshi yake si mabaya. "My husband might be in the shaft. I do not know where he may have gone without his sandals." Kisha akafungua daftari, ukurasa wa kwanza kabisa, akasoma maneno aliyoyasema tarehe 7 Oktoba mbele ya wachunguzi, ambayo aliyaandika mwenyewe usiku ule ule asije akayasahau: "Bwana yangu anapashwa kuwa mule mu shimo. Sijue kwenye angeweza kwenda bila babouches yake."

Ndiyo, hayo ndiyo aliyosema. Nilikuwapo. Yeye alisema mumewe yumo ndani, hakuna mahali pengine. Mimi niliandika kwamba labda yumo, na kwamba amekwenda mahali pasipojulikana, miguu mitupu. Vitenzi visaidizi viwili. Neno lingine lolote sikuligusa. Wachunguzi walisoma na kuelewa sawasawa na ilivyoandikwa: mke mwenyewe hana hakika.

Niandike na hili. Sikuchoka siku ile. Sikukosea. Nilifika kwenye sentensi yake, nikaandika "must", nikaliangalia neno. Nilijua maana yake kuliko mtu yeyote katika chumba kile. Nikalikata kwa mstari mmoja, nikaandika lile lingine juu yake, kisha nikanakili ukurasa wote upya ili usiwe na alama ya kufuta. Halafu nikaendelea na maelezo ya saba. Sikuhisi kitu. Niliona tu kwamba kwenye karatasi mwanangu bado anatembea.

Naomie alikunja karatasi. Kwa Kiswahili hawezi kunilaumu, hana hata neno la kuanzia. Akinitaja husema "Tata", hajawahi kuniambia "weye". Akainua uso. Katika miaka tisa ya ndoa yao ilikuwa mara ya kwanza kunitazama machoni. Akasema kwa Kiingereza, polepole:

"You must know what you did."

Kwa Kiingereza "you" ni moja kwa mtoto, kwa mkwe na kwa mfalme. Kitenzi kisaidizi kiko mahali pake. Kishazi cha "what" kinafuata, mtu mbele ya kitenzi, hakuna alama ya kuuliza.

"Sentensi iko sawa," nilisema.

"Najua iko sawa. Ni Tata njo alinifundisha."

Kisu cha Florentine kilikuwa kimeacha kukata. Naomie alivaa viatu akaondoka kwenye mvua.

15 Februari

Hakuna somo.

17 Februari

Hakuna somo. Florentine anaweka chakula mezani na kukaa nje kwenye kibaraza mpaka nimalize.

20 Februari

Florentine amezungumza. "Nilijua ulienda Kasaji kufanya nini," alisema. "Mi pia nilitaka uende. Nilipika ule muhogo nikiwaza, labda. Lakini mi niliwaza ku jiko, René. Weye uliandika ku karatasi ya batu."

Nikamwambia kwamba kama ningeandika lile neno la kwanza, ingekuwa mimi ndiye niliyemfukia.

"Na sasa nani anamufukia?"

Alisema hayo bila hasira, akifuta meza.

Nimehesabu siku. Zimebaki thelathini na tisa mpaka masahihisho yafungwe.

2 Machi

Nimeandika barua kwa wachunguzi. Rasimu nne. Katika rasimu ya kwanza niliandika kwamba kosa "may have occurred", yaani huenda lilitokea. Nimeichana. Ya nne inasema: nilibadilisha maneno mawili, haya hapa, na haya ndiyo aliyoyasema. Nimeipeleka mwenyewe kwa taxi-moto. Kijana wa pikipiki alisema, "Tata mushike nguvu, hii njia imekuwa bowa bowa, inateleza." Nilishika.

Kisha nikapita kwa Naomie. Sikuingia. Nilimkabidhi nakala mlangoni na kumwomba aitazame makosa. Aliisoma yote akiwa amesimama, kalamu mkononi. Alisahihisha herufi moja.

"Watanipigia kwa video," alisema kwa Kiswahili cha shule, kile ninachokitumia mimi. "Tarehe kumi na tisa. Nitajibu mwenyewe."

5 Machi

Somo. Amekaa mkekani. Tumefanya mazoezi ya sentensi moja: "I know where he must be." Mara kumi na mbili.

19 Machi

Ofisi ile ya Manika, umeme wa jenereta. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na mwanamke wa makamo, mwenye miwani, na nyuma yake dirisha lenye jua. Aliongea taratibu, kwa heshima. Alianza na mimi. Aliuliza kama nilibadilisha maneno yale kwa kutoyajua.

"I knew what they meant," nilisema. Nilijua maana yake.

Aliandika. Hakuniuliza kwa nini. Nilikuwa nimetayarisha jibu la kwa nini, nikarudi nalo nyumbani.

Kisha akamgeukia Naomie. Alikuwa amevaa kitenge cheusi, daftari magotini limefungwa. Yule mwanamke alimwuliza kama anajua mumewe yuko wapi.

"I know where he is," alisema Naomie.

Yule mwanamke akasimamisha kalamu. "Is?"

"Is."

Nilikuwa pembeni yake na kazi yangu ilikuwa kusahihisha. Kanuni ni kwamba mtu ambaye hakuona kwa macho lazima atumie kisaidizi. Tulifanya mazoezi mara kumi na mbili. Nilivuta pumzi niseme. Naye alinyanyua kiganja kidogo tu, chini ya meza, pasipoonekana kwenye kioo, kama mtu anavyomzuia mtoto asivuke barabara.

Niliiachia pumzi.

"He took off his sandals," aliendelea. Alivua ndara zake. "He is there."

28 Machi

Mvua nyepesi. Hakuna habari.

2 Aprili

Mvua. Hakuna habari. Florentine ameziosha zile ndara kwa brashi mpaka bluu imerudi, akaziweka tena palepale.

9 Aprili

Orodha mpya. Mashimo saba. La mwisho limeandikwa kumi na nne, na mbele yake: Samy Kalumba, miaka thelathini na moja. Safu ya maelezo ina sentensi moja. "The family states that he is there." Familia inasema yumo. Watafungua tarehe 12 Mei.

Glodi alikuwapo mbele ya ofisi, ananingoja nimsomee. Nilimsomea, nikamweleza kila neno, mpaka "that". Alisema: "Tata, ungesema tu eko ndani, ningeelewa."

18 Aprili

Wiki nzima bila mvua. Udongo wa barabarani unaanza kuruka vumbi.

Leo asubuhi Florentine amezichukua ndara mlangoni na kuzifunga kwenye kitambaa cheupe, atazipeleka kilimani tarehe 12. Kisha akatoa viti nje, na meza, na kiti changu pia, akafagia sebule na kutandika mikeka ya matanga. Hakuniuliza. Henriette, jirani yetu, alikuja na kuni na sufuria yake kubwa. Glodi alileta mikate, akaikata, akaigawa, na safari hii alikula. Ilipofika saa nne wanaume wa parokia walikuwa wameanza kuingia, mmoja mmoja, kofia mkononi.

Naomie alikuwa amekwisha kukaa, kichwa kimefungwa kitambaa, mahali pale pale karibu na mlango alipokaa msimu wote. Nilisimama katikati ya chumba nikitafuta kiti changu, kwa mazoea. Kilikuwa nje juani, miguu juu.

"Tata akae," alisema Naomie, bila kunitazama. Akasogeza daftari lake.

Nikavua viatu, nikakaa chini.